Komini yetu iko kwenye karatasi, filimbi iko kwa Mzee Amisi

Vijana mnaoitana wakuu humu jukwaani, salamu kwenu. Mimi ni bibi wa wajukuu. Kwangu mkuu ni yule anayefanya kazi yake, kwa hiyo nitawaita vijana tu, msikasirike.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Moja nililifanya mwenyewe kwa ujinga, nalo sitaficha.

Mji wetu sitautaja. Uko kwenye njia ya Kasongo kwenda Kabambare, njia ile ambayo mvua ikinyesha abiria ndiye anabeba pikipiki.

Zamani tulikuwa cité, yaani mji mdogo tu, na mkubwa wetu alikuwa shefu wa cité, Mzee Amisi. Halafu ikatoka karatasi Kinshasa: kuanzia sasa nyinyi ni komini.

Tukapiga vigelegele. Komini ni nini? Sikujua. Nilipiga tu.

Mzee Amisi akapumzishwa. Akaletwa burgumesta, ndiye mkubwa wa komini, kijana aliyesoma. Ofisi yake ni nyumba ya kupanga, vyumba viwili nyuma ya soko.

Lakini mlingoti wa bendera ulibaki uwanjani kwa Mzee Amisi, na filimbi ikabaki mdomoni mwake.

Wa kwetu mnajua. Bendera ikipanda asubuhi na ikishuka jioni, filimbi inalia, kila mutu anasimama kama mti. Baiskeli inasimama. Mama mwenye beseni kichwani anasimama. Usiposimama, utaitwa ujieleze.

Mzee akaendelea kupiga filimbi. Na sisi, wajinga wakubwa, tukaendelea kusimama.

Sasa shida yangu.

Chini ya kartie yetu, mtaa wetu, iko chemchemi moja, wanawake wote tunachota hapo. Siku moja tunashuka na bido zetu, madumu ya maji, tunakuta ukuta wa matofali umekata njia. Tajiri mmoja mnunuzi wa zahabu anajenga.

"Kina mama, zungukeni," akasema, hata hakutugeukia.

Kuzunguka ni kupanda kilima na kushuka upande wa pili kwenye utelezi. Mke wa mwanangu, Mariamu, alikuwa na mimba ya miezi minane. Alianguka huko na bido yake. Mungu alimwangalia, mtoto alibaki salama tumboni, lakini mguu ulivimba hata kiatu hakikuingia.

Nikasema basi, nitaipanda hii ngazi ya serikali tangu chini.

Shefu wa avenyu, mkubwa wa barabara yetu: "Mama Salima, mimi sina uwezo, mwone shefu wa kartie."

Shefu wa kartie: "Mimi naandika ripoti tu, sikati neno."

Ripoti yenyewe hakuandika. Eti kalamu imekauka.

Nikaona hawa wananichezea. Nikakamata kuku wangu mmoja wa kutaga, nikaenda palipo na bendera. Huo ndio ujinga niliousema. Mzee Amisi alimpokea kuku kwa mikono miwili.

"Nitaliangalia hilo neno, mama."

Akaangalia kuku. Wiki mbili zikapita, ukuta ukazidi kupanda.

Ndipo nikaenda nyuma ya soko kwa burgumesta, jioni moja, bila kuku.

Akanikalisha vizuri, kusema haki. Akafungua kitabu.

"Bibi, sheria iko wazi. Njia ya maji ni ya watu wote, hakuna wa kuiuza."

"Basi bomoa."

"Si rahisi hivyo. Komini iko na baraza la watu wa kuchaguliwa. Baraza ndilo linakata neno juu ya njia, soko, usafi. Mimi na wasaidizi wangu tunatekeleza."

"Na baraza liko wapi?"

"Bado halijawekwa."

"Kwa hiyo wewe ni mkono bila kichwa."

Akacheka. Mimi sikucheka.

"Na yule tajiri, karatasi ya kujenga alipewa na nani?"

Akatoa nakala kwenye droo. Kusoma kwangu ni kwa shida, lakini jina la Mzee Amisi nalijua. Yuleyule aliyekula kuku wangu.

"Alisaini akiwa ameshapumzishwa," akasema burgumesta. "Haina nguvu."

"Sasa unangoja nini?"

"Nikituma watu kubomoa, tajiri atakimbilia kwa Mzee. Na mji mzima unamsikiliza Mzee. Lakini elewa, Bibi, mwenye mamlaka hapa ni mimi."

Hajafunga mdomo, filimbi ikalia ng'ambo ya soko.

Burgumesta akasimama.

Wallahi. Ndani ya ofisi yake, mikono ubavuni, kifua mbele, uso kuelekea kwa Mzee Amisi.

Mimi nilibaki kwenye kiti. Mara ya kwanza katika maisha yangu.

Filimbi ilipokwisha nikamuuliza: "Wewe ndiye serikali. Ulikuwa unasimama kwa ajili ya nani?"

"Bibi, bendera ni ya taifa."

"Bendera ni ya taifa. Filimbi ni ya nani?"

Akainamia makaratasi yake. Nikaondoka.

Vijana, nimejifunza hivi. Mji mdogo wanaupangia serikali nzuri sana: avenyu, kartie, burgumesta, baraza. Halafu uwezo wanausahau njiani, labda pikipiki iliuangusha. Na ukilala chini bila mwenyewe, anauokota mwenye filimbi. Lakini filimbi ni upepo tu. Nguvu zake zilikuwa miguu yetu iliyosimama, na yangu ilikuwa ya kwanza.

Mliosoma sheria, njooni hapa chini mniambie nimekosea wapi. Na kwenu huko, nani anapiga filimbi?

Ukuta ungali pale. Burgumesta anasema anaandika barua. Siku atakayopandisha bendera ofisini kwake nitasimama mpaka magoti yaniume.

Lakini jioni hii nimewakusanya wa nyumba yangu wote, hata Mariamu na mguu wake, nikawaambia: kuanzia kesho, filimbi ya kwa Mzee Amisi ikilia, asisimame mutu. Mubebe bido zenu, mupite katikati ya barabara, mushuke kwa njia yetu ya zamani mpaka kwenye ukuta wa yule tajiri, na tofali la kwanza mulitoe nyinyi.