Kasturi, anayeandika majibu ya wengine

Saa tatu asubuhi mjini Dharwad, kusini mwa India, Kasturi Badiger amekaa kwenye baraza ya hosteli ya wasioona, kitabu cha maswali mapajani. Mbele yake Renuka Pujar, anayejiandaa kwa mtihani wa ajira serikalini, anamenya njugu.

"Ngome ya Bastille ilivamiwa mwaka gani? La kwanza, 1776. La pili, 1789. La tatu, 1815. La nne, 1848."

"Nisomee tena, dada."

Kasturi anarudia kwa sauti ileile, bila kulikazia jibu lolote.

"Jamani huyu mwanamke!" Renuka anacheka. "Sauti haitikisiki hata kidogo. Mumeo anajuaje ukimdanganya?"

"Yeye namdanganya kwenye chumvi tu. Jibu, mama, acha maneno."

"La pili."

Kasturi hasemi ni kweli wala si kweli. Anafungua ukurasa unaofuata.

Kwa siku za kawaida mama huyu wa miaka thelathini na sita ni fundi cherehani, anashona blauzi mtaa wa Saptapur. Siku za mitihani huwa mwandishi wa wasioona: anawasomea swali, wanataja jibu, yeye anapaka wino kwenye kiduara. Posho yake haizidi malipo ya kushona blauzi mbili.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kuandika," anasema. "Kazi yangu ni kunyamaza."

Ukimya huo nusura umkoseshe rafiki.

Virupaksha Gaddi ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Navalgund. Ugonjwa ulimpofusha akiwa mdogo. Mtihani wake wa kwanza aliandikiwa na binamu yake, ambaye baadaye alijigamba harusini kwamba alikuwa "amemrekebishia" majibu kadhaa. Virupaksha alipoyapitia kwa kusomewa, akakuta yeye ndiye aliyekuwa sahihi na binamu ndiye aliyeharibu.

Alipoletwa kwa Kasturi hakumsalimu kwa kirefu. Alimuuliza, "Nikisema upuuzi, utaandika nini?"

"Upuuzi," Kasturi alimjibu.

Wakapatana. Walisoma pamoja mwaka mzima, mara nyingi jioni cherehani ikishafunikwa: milki ya Ashoka, kuanguka kwa Vijayanagara baada ya vita vya Talikota, Malkia Chennamma wa Kittur aliyewakatalia Waingereza, mapinduzi ya Wafaransa, vita vikuu viwili vya dunia. Kasturi, aliyeishia darasa la kumi na mbili, alijikuta akiyawaza hayo hata anapokata kitambaa.

Siku ya mtihani mambo yalikwenda vizuri, mpaka likaja swali la nahodha Mreno aliyekuwa wa kwanza kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

"Vasco da Gama," Virupaksha alisema.

Kasturi alijua ni Bartolomeu Dias, aliyepita huko miaka kama kumi kabla ya da Gama. Walikuwa wamelisoma swali hilohilo wiki ile.

"Alikuwa amechoka," anakumbuka. "Na jina la da Gama tunalisikia tangu utotoni, maana ndiye aliyefika pwani yetu. Likamtoka tu."

Kama ilivyo desturi yake kwa kila jibu, alimuuliza, "Niandike?"

"Andika."

"Mkono ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nikaandika."

Walipokuwa wakishuka ngazi, Virupaksha alisimama ghafla. "Dada, ile Rasi. Ni Dias, sivyo?"

Kasturi alisimama naye.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Kijana alikunjua fimbo yake, akaenda kituo cha basi peke yake.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amekosa nafasi kwa chini ya alama moja. Mama yake, Gangavva, alifika dukani kwa Kasturi, akakataa hata maji.

"Mwanangu hana macho, wewe una macho na mkono!" alifoka mbele ya wateja. "Tone moja la wino! Ungekufa?"

"Nilimwacha aseme," anaeleza Kasturi. "Alipoondoka nililia juu ya blauzi ya bibi harusi mpaka ikabidi niifue."

Je, alijuta? "Sitasema sikujuta. Lakini ningemwekea jibu langu, hata yale aliyoyajua mwenyewe asingekuwa na hakika tena kama ni yake."

Kwa simu kutoka mji wa Gadag, Virupaksha haifichi hasira aliyokuwa nayo. "Nilitaka awe mwaminifu siku zote isipokuwa siku ile," anasema.

Alitafuta mwandishi mwingine, kijana wa chuo. Katika mazoezi akagundua kwamba sauti ya kijana ilipanda kidogo kila alipofikia jibu sahihi. "Nikapata yote. Nikaona aibu. Nisingejua kamwe ninachokijua."

Akarudi Saptapur na boksi la peda, vitamutamu vya maziwa.

"Hakuomba radhi," Kasturi anasema akitabasamu. "Aliniambia, 'Fungua kitabu, dada.' Nami nikafungua."

Mwaka uliofuata alifaulu. Sasa ni karani katika ofisi ya ardhi. Gangavva naye alileta mikate ya mtama na bilinganya zilizojazwa viungo. "Bado hanitazami usoni vizuri," anasema Kasturi. "Si kitu. Mikate ilikuwa mitamu."

Mwezi huu Kasturi anajiandikisha kusoma shahada ya historia kwa njia ya masafa. Uamuzi huo una gharama, kwani kanuni za mtihani zinataka mwandishi awe na elimu ya chini kuliko mtahiniwa. Akihitimu, wengi hawataruhusiwa kumtumia.

"Utatuacha yatima!" Renuka analalamika.

"Mpaka nimalize mimi, wewe utakuwa ofisini unawafokea wananchi."

Tayari anamfundisha wifi yake kusoma maswali bila sauti kupanda wala kushuka. Mumewe alimuuliza anaitakia nini shahada katika umri huu. Sasa jibu analo.

"Nimekaa kwenye vyumba vya mitihani kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi," anasema Kasturi. "Nataka niulizwe. Nikikosea, kosa liwe langu."