Chumba cha Babu Ndani ya Kompyuta Kuukuu

Wewe umewahi kuona mtu anaingiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine, bila kufungua hata skrubu moja? Mimi nimeona. Nimeona hapa hapa sebuleni kwangu Mafubira, nikiwa nimekaa mkekani nachambua mchele. Shule niliacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole, kwa hiyo nikikosea jina la kitu unisamehe. Lakini habari yenyewe ninayo yote.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kanzu kule Mbale. Na kanzu ya kwetu Uganda unaijua kwa shingo, ule urembo wa uzi mwekundu unaozunguka pale shingoni na kushuka kidogo kifuani. Zamani aliushona kwa mkono. Macho yalipoanza kumsumbua akanunua mashine ya kutarizi na kompyuta, akajifunza kuchora kwenye programu, nukta moja moja, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Mimi nikimcheka: "Mzee mzima unacheza gemu!" Ananiambia, "Cheka tu. Siku moja utanitafuta humu."

Shingo moja aliichora kwa miezi. Hiyo hakumshonea mteja hata mmoja. Wanangu wote wa kiume walioa wakiwa wameivaa.

Alipofariki nikahamia hapa Mafubira, Jinja, kwa mwanangu, mwenye duka la kushona kule Nalufenya. Kompyuta ya marehemu ikabaki Mbale, na siku moja radi ikapiga, ikaiunguza. Tukasema basi, amri ya Mungu.

Halafu mjukuu wangu wa kiume, yule wa Mbale, akanipigia simu. Anaoa. Nikah ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nikapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Kisha akasema, "Jjajja," ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi kwetu, "mimi sitaki kanzu ya sokoni. Nataka shingo ya babu."

Vigelegele vikaishia kooni. Ningemshonea na nini? Tundu la sindano siku hizi silioni, nalisikia kwa kidole. Na mchoro ulikuwa kwenye kompyuta iliyoungua. Nikamwambia, "Kale, haya, tutaona," nikakata simu, chakula cha usiku nikakiacha. Mimi kuacha chakula! Mwanangu akafikiri naumwa.

Dada yake bwana harusi ndiye aliyekuja kuniokoa. Huyo msichana anatengeneza kompyuta za watu Mbale. Alikuja Jumanne na kitu kidogo amekiviringisha ndani ya soksi.

"Hii diski ya babu, jjajja. Radi iliunguza vingine, hii haikuguswa. Shingo bado imo."

"Basi ifungue!"

Akaiunganisha na kompyuta ya hapa nyumbani. Shingo imo kweli, jina lake naliona, lakini haifunguki. Programu ya babu yake inaelewana na sistimu ya zamani tu, ile ya miaka ile.

"Kwani hii yetu si ya zamani?" nikamuuliza. "Si juzi umeicheka mwenyewe, ukasema hata walioitengeneza wameshaisahau?"

"Ni ya zamani, jjajja, lakini si ya zamani ya kutosha."

Nikamuuliza kwa nini asitumie ile yake ndogo ya begani. Akasema ni ya ofisini, akiweka vitu vya nyumbani wanamfukuza kazi. Kwa hiyo ikabaki njia moja. Wenyewe wanaiita vachuo mashini. Atatengeneza kompyuta ya uongo ndani ya hii ya kweli, aipe sistimu ya babu, na vitu vya babu vyote avimwage humo.

"Na hiyo ya ndani itajua kwamba iko ndani?"

"Haitajua. Itadhani iko peke yake kwenye nyumba."

"Eh! Kama mke ambaye hajaambiwa kuna mwenzake!"

Alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. "Ndiyo hivyo hivyo, jjajja. Na chakula wanagawana sufuria moja. Memori ya hii ni ndogo. Nikimpa babu nusu, sisi tunabaki na nusu."

"Mpe babu yako. Sisi tutavumilia."

Taabu ikaanza. Ile programu ya kutengenezea kompyuta ya ndani, mpya yake ikakataa kuingia. Ikasema sistimu yetu imezeeka mno. Mimi nikaitukana pale pale, sikuficha. Jumatano yote mtoto akatafuta toleo la zamani, la umri wa kompyuta yetu. Jioni kabla ya Magharibi akalipata, likaingia bila kelele.

Alhamisi asubuhi akaiwasha. Nikaacha mchele wangu. Katikati ya kioo pakatokea dirisha jeusi, maandishi meupe yanakimbia, halafu rangi, halafu pap! Kila kitu kikazima, ya ndani na ya nje pamoja.

Akawasha tena. Ikafika mbele kidogo, pap! Akampunguzia babu memori. Pap! Akamwongezea. Pap! Mara ya tano nikamwona anapangusa jicho kwa kiwiko. Kesho yake asubuhi alitakiwa kazini Mbale.

"Hii kompyuta haiwezi kubeba mbili, jjajja. Imechoka. Nitampigia kaka yangu avae yoyote."

Wallahi, nilihisi kama tunamzika mzee mara ya pili. Nikainama chini ya meza, pale kisanduku cha kompyuta kinapokaa, nikakipapasa tu, kama unavyopapasa mtoto wa watu. Mkono ukarudi wenyewe.

"Wee! Huyu ana homa!"

"Nani?"

"Kompyuta! Njoo ushike! Inachemka kama chai!"

Hapo lazima nikueleze kitu. Nyumbani kwangu hakuna kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata mtungi wa maji una wake, vyote nimefuma mwenyewe, maana vumbi la hii barabara yetu halina adabu. Na kile kisanduku nilikishonea gauni kabisa, la kitenge, lenye bitana ndani, limebana vizuri mbele na nyuma, na tundu moja tu la kitufe. Miaka kimelivaa. Mjukuu wangu amekua akiona vitu vyangu vimevaa, hata hakuliona gauni. Kwa kazi ndogo ndogo kisanduku kilivumilia, bambi, maskini wa Mungu. Sasa tumekibebesha mimba na bado kimefungwa koti!

Nikaanza kukivua. Mjukuu wangu kajishika kichwa. "Jjajja! Hapo nyuma ndipo kinapopumulia!"

"Sasa ungeniambia! Mimi nitajuaje kama kinapumua?"

"Mimi ndiye fundi, na mimi sikuona!"

Tukakiacha kipoe, tukala wali. Baada ya Adhuhuri akawasha. Safari hii nikasikia upepo unatoka nyuma yake, fuuu, kama mtu aliyetua mzigo. Dirisha likafunguka polepole, kwa uchovu, lakini likafunguka. Na ndani yake ikatokea picha.

Ilikuwa mimi. Niko Wanyange, ziwa nyuma yangu, kijana bado, kinywa wazi nacheka mpaka pengo linaonekana. Ile picha niliichukia! Nilimwambia mume wangu aifute, akaniapia ameifuta. Kumbe aliiweka pale mbele, kila asubuhi akiwasha kompyuta anaanza na pengo langu.

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote. Mjukuu wangu akanishika bega. Kisha akafungua programu ya babu yake, na shingo ikajichora, nyekundu, mzunguko kwa mzunguko, ikashuka mpaka pale kifuani. Akaiweka kwenye flashi, tukaenda Nalufenya siku ile ile. Mashine ya mwanangu ikaitarizi, na mimi nimesimama juu yake kama askari.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, siku ya nikah, nilikuwa Mbale, mbele kabisa. Bwana harusi alipoingia, mwanangu mkubwa, baba yake, alimtazama shingoni, halafu akatazama chini. Bibi harusi wetu ni mzuri, lakini mimi nilikuwa natazama shingo.

Baada ya pilau nikamvuta yule fundi wangu pembeni. Nikamuuliza jambo lililokuwa linanikaa rohoni: hii kompyuta yetu nayo ni mzee, kesho keshokutwa itakufa, na babu yake atalala wapi?

"Babu sasa ni faili moja tu, jjajja, na nimeshachukua nakala. Anahama na sisi." Akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Nakuahidi. Kila kompyuta nitakayokuwa nayo maishani, kwanza namtafutia babu chumba chake ndani, na picha yako siifuti, halafu ndiyo naingiza vitu vyangu. Na hakuna hata moja nitakayoivisha gauni."