Ndizi za Mahoo Zilizopanda Wundanyi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hilo sijawahi kulificha. Mume wangu alipofariki, katikati ya miaka ya sabini, aliniacha na lori ambalo mkopo wake ulikuwa haujaisha. Shemeji zangu wakaja, wakaketi sebuleni kwangu, wakanishauri niliuze. Mwanamke na lori wapi na wapi, walisema. Niliwapa chai, nikawasindikiza hadi barabarani, na kesho yake nikapanda mbele kando ya dereva. Dereva alikuwa Mkamba mmoja mpole, aliyemfanyia kazi mume wangu tangu lori liliponunuliwa. Alinisogezea mkoba wake nipate mahali pa kukaa, tukaondoka.

Tulibeba mboga kutoka milimani kwetu Taita na ndizi kutoka Taveta. Aliyenitesa ni mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akinunua ndizi mbichi za kupika kule Mahoo, karibu na Taveta, na kuziuza Mombasa. Mara ya kwanza nilimbebea kwa ahadi kwamba angelipa nauli akishauza. Aliuza, akapotea. Aliporudi miezi michache baadaye akitaka lori tena, nilimwekea sharti mbele ya dereva: tukifika Voi, alipe nauli ya zamani na ya safari hii, ndipo tuendelee. Alikubali upesi mno. Nilipaswa kujua hapo hapo.

Tulipofika Voi alishuka, akajinyoosha, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemsahau.

"Mama, hizo pesa utapata Mombasa nikishauza."

"Tulisema Voi, bwana. Hapa ni Voi."

"Basi kaa na ndizi zako. Tuone nani ataumia."

Akaenda zake. Na hesabu yake haikuwa mbaya. Ndizi haingoji mtu. Akikawia siku chache tu, ningebaki na lori lililojaa uozo, naye angenishtaki kwa kuharibu mali yake. Tena waliotuuzia lori walikuwa wameshanionya: nikikosa kulipa mwezi ule, wangekuja kulichukua. Nauli ya safari hii ilitosha kuwanyamazisha. Bila hiyo, shemeji zangu wangerudi sebuleni kunipa pole, na pole yao nilikuwa siitaki.

Jioni ile nikafanya jambo ambalo mtu wa milimani tu angelifanya. Kwetu kabichi zikilala nje tunazifunika, kwa sababu ya baridi na ukungu. Nikavuta turubai, nikaifunga vizuri, nikaridhika na kazi yangu. Asubuhi nilipoifunua, joto lilinipiga usoni, na mikungu ya juu ilikuwa imeanza kuingia manjano. Kila mtoto wa Voi anajua kwamba ndizi ukizifunika kwenye joto unazivundika. Mimi nilikuwa nimevundika lori zima.

"Mama, hizi si kabichi," dereva alisema.

Nilikwenda ofisi ya mahakama pale Voi, nikamweleza karani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba mwenye gari ana haki ya kuuzuilia mzigo mpaka alipwe nauli yake, lakini hana ruhusa ya kuuza hata ndizi moja bila amri ya hakimu. "Ukiuza, mama, mwizi atakuwa wewe." Nikauliza hakimu yuko wapi. Juma lile alikuwa Wundanyi.

Nikarudi kwa dereva. "Washa. Tunapanda Wundanyi."

"Na mzigo?"

"Na mzigo wote. Kule ni baridi, hazitaiva upesi."

Alikuna kichwa, akazunguka lori akitazama magurudumu, akawasha. Tulipita Mwatate turubai ikiwa imekunjwa, upepo ukipita juu ya ndizi. Kwenye kona za mlima lori lilikuwa likiguna na kwenda polepole mno, nami nilikuwa nikilisihi kimoyomoyo. Tuliliegesha nje ya mahakama. Niliposhuka, ule ubaridi ulinifurahisha kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Yule mfanyabiashara alipata habari, akapanda basi, na kesho yake alisimama mbele ya hakimu kabla yangu.

"Mheshimiwa, ndizi zangu zilikuwa za Mombasa. Huyu mama amezigeuza njia, amezileta mlimani. Huo ni wizi."

Hakimu, kijana aliyevaa koti zito, akanigeukia. Nilisema, "Mheshimiwa, Voi zilikuwa zinaiva. Nimezileta mahali zitakapokaa kijani, na mahali ulipo wewe."

Akatoka nje mwenyewe, akazibonyeza kwa kidole gumba. Tuliporudi ndani alisema kuutunza mzigo ni wajibu wangu, na kupanda mlima hakukuwa wizi. Niliruhusiwa kuuza sokoni siku ileile, chini ya macho ya karani, mpaka nauli ya safari hii itimie, na zitakazobaki nimrudishie mwenyewe. Deni la zamani halikuhusu mzigo huu. Nikitaka, nifungue kesi nyingine. Nilifungua mdomo nibishe. Dereva akakohoa, nikaufunga.

Nje, yule bwana alikuwa akicheka. "Haya, uza. Wauzie Wataita ndizi."

Hapo moyo ulinishuka. Kila bonde la milima ile lina migomba. Sokoni kulikuwa na safu ya wanawake, kila mmoja na ndizi zake juu ya gunia. Nilipanda nyuma ya lori, nikaita. Hakuna aliyesogea. Nikaita tena, sauti ikanikauka.

Mama mmoja mzee, jirani wa mama yangu, aliinuka akaacha gunia lake, akaja mpaka chini ya lori.

"Nishushie ule mkungu mkubwa, mwanangu."

"Mama, wewe mwenyewe unauza ndizi."

"Najua ninachouza. Nishushie."

Akalipa, akaupachika mgongoni, akavuta kamba kwenye paji la uso, akaondoka. Nilipoinua macho wenzake walikuwa wameshapanga mstari. Mikungu ilishuka mmoja mmoja mpaka karani akainua mkono, akasema nauli imetimia. Mwanamke aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari alifunga tena pesa zake kwenye pindo la khanga, akarudi kwenye gunia lake, na wengine wote wakarudi. Karibu nusu ya lori ilikuwa bado imejaa. Yule bwana alisubiri mnunuzi, hakuja hata mmoja.

"Mama," alisema mwishowe, "nipelekee hizi Mombasa."

"Nitakwenda. Lipa hapa kwanza, na ile ya zamani. Hakimu hakusema nalazimika kukubeba."

Alihesabu kwa macho mikungu iliyobaki. Kisha akalipa, yote, mbele ya karani.

Tulipoanza kushuka mlima nililia mpaka Mwatate. Lori lilikuwa limepona, lakini silo lililoniliza. Nilikuwa nikimwaza yule mama, amefika nyumbani na mkungu mgongoni, anapita katikati ya migomba yake mwenyewe.