Pole za Fundi wa Vioo

Fundi wetu wa vioo hapa Entebbe ana huruma iliyopitiliza. Ndege hondohondo akivunja dirisha asubuhi, chai haijachemka yeye amekwisha fika, kama jamaa wa marehemu. Huokota vipande kwa vidole vyake vyenye makovu, akisema "pole, pole" kwa sauti ya kubembelezea mgonjwa, kisha hutuwekea kioo kilekile kinachong'aa nje kama cha kinyozi. Ndege hujiona humo, hudhani ni dume jingine limekuja kumpora mke, na mdomo wa hondohondo mnaujua.

"Safari hii tutilie cha kawaida," mke wangu alimsihi majuzi.

Fundi akashika kifua. "Cha kawaida, Nnalongo? Majirani si watasema Salongo amefulia!"

Nami Salongo, baba mzima wa mapacha, nikaagiza kinachong'aa.

Jumapili ndege akarudi, nikamfuata fundi nyumbani kwake. Sikuwa nimewahi kufika huko. Madirisha yake yote ameyapaka chokaa kwa nje, hayaonyeshi hata kivuli, na juu ya paa hondohondo wawili wametulia kama wapangaji waliolipa.

"Fundi, mbona kwako hakung'ai?"

Akayatazama madirisha yake kana kwamba ndiyo kwanza ayaone. "Aa, Salongo, huku kwetu hakuna wa kumringia. Sisi tunalala tu." Kisha akaanza kufuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja, na ile sauti ya kubembelezea mgonjwa ikarudi. "Pole sana. Leo ni la sebuleni au la chumbani?"