Jani la isale nililolitupa leo wodini

Jamani, leo nimeaibika, na mimi ni Mchagga wa Mwika!

Sista wa wodi alikuwa anakuja kukagua usafi. Mimi muuguzi msaidizi nikafagia, nikadeki, nikapangusa kila kabati.
Kwenye kabati la mzee mmoja aliyelala palikuwa na jani. Nikalitupa, bila hata kulitazama!

Mzee akaamka, akapapasa kabati, akauliza taratibu, "Mdogo wangu amebadili nia?"

Nikamuuliza jani gani, akanieleza. Lilikuwa isale. Mdogo wake, waliyegombania naye kihamba, shamba la ukoo, miaka mingi, aliliacha pale jana kuomba msamaha.
Na kwetu isale, jani la kuombea msamaha, halikataliwi. Mimi nimelitia kwenye takataka!

Nikatoka mbio, nikachuma jingine kwenye mpaka wa jirani wa hospitali, ambako isale hupandwa, nikarudi nikapiga goti.
"Shikamoo baba. Ni mimi niliyelitupa."

"Marahaba." Akalipokea. "Hili ni la kwako, mwanangu, na nimekusamehe. Sasa niletee la mdogo wangu."

Takataka zilishachomwa.

Na mdogo wake anakuja saa kumi kuona kama jani lake limepokelewa.

Nyie, nimwambieje?