Chingamu Kwenye Jino la Mjomba

Mimi nilijua kutafuna kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe niliishia darasa la pili, kwa hiyo kutafuna ndiyo elimu niliyokaa nayo muda mrefu.

Mjomba wangu alikuwa mtega ndege. Alipanda mpaka ukingoni mwa msitu, akachanja mti wenye utomvu mweupe, akakinga kwenye kifuu. Sisi watoto wa dada yake tukakalishwa juu ya jiwe, kila mmoja akapewa donge atafune. Huo ndio ulimbo wa kunasia ndege, na ukiwa mbichi haunasi vizuri. Lazima utafunwe mpaka uchungu utoke, ulainike. Taya ziliuma mpaka uji wa asubuhi ukawa kazi. Mjomba alituambia ukimeza, utumbo unagandana. Sijui. Mdogo wangu mmoja wa kike alimeza, na mpaka leo anakula kutuzidi wote.

Halafu mjomba anaupaka kwenye vijiti, anavitega karibu na maji. Ndege aliyenaswa ni kiganja kimoja cha nyama, na wagawiwa ni sita. Lakini sikumbuki nyama. Nakumbuka lile donge mdomoni, na mjomba akisugua meno yake kwa kijiti huku akitusubiri. Alizeeka na meno yake yote.

Nimeanza mbali. Nilitaka kusema tu kwamba mdomo wangu ulizoea kuwa na kitu ndani.

Sasa, miaka hii ya karibuni, pale gulioni Mkuyuni ninakopeleka karafuu zangu, kuna mchuuzi ana meza chini ya mwavuli. Anauza betri, sindano, viwembe, na chingamu za rangi mbili. Siku ya kwanza nilimuuliza kile kitu ni cha nini.

"Inasafisha meno, babu," akasema. "Unatafuna tu, uchafu wote unaondoka nayo. Na mdomo unanukia."

Nikaonja. Ilikuwa ule ulimbo wa mjomba, ila mtu kautia sukari. Nikaona maendeleo yamefika. Kijiti changu cha mswaki nikakichomeka kwenye paa la jiko na sikukishusha tena. Utamu ukiisha natia nyingine. Nikawa mteja, akiniona kwa mbali ananiuliza, "Babu, leo nyekundu au kijani?" Nyekundu ilikuwa tamu zaidi.

Jino la mbele, la juu, likaanza kutoboka. Nikadhani sijatafuna vya kutosha. Nikaongeza. Tundu likapanuka mpaka nikisema maneno yenye s upepo unapita kama mluzi, na dada yangu akaniambia waziwazi, "Kaka, ukiongea na mimi kaa upande wa upepo unakokwenda." Huyo ni dada yangu mkubwa, hana lugha nyingine.

Ingeishia kwenye kuchekwa, lakini binti yake alikuja kuposwa.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Huyo mpwa wangu ni fundi cherehani, alimpata mwanaume wa Gairo, na alimtaka kwa moyo wake, si kwa kusukumwa. Katika ukoo wetu, washenga wakija, mjomba anasimama anawataja kina mama waliomleta binti, mmoja baada ya mwingine, toka wa kale mpaka aliyemzaa, kwa mdomo wake mwenyewe. Akikwama, hapokewi na mwingine. Wageni wanarudi walikotoka bila jibu. Mimi ndiye mjomba pekee aliyebaki.

Siku ilipofika nilitia chingamu mbili kwa sababu ya harufu. Wageni wakakaa mkekani, wakapewa togwa. Katika wao alikuwemo mtani wetu wa siku nyingi, na mtani haachi kitu.

"Ndugu zangu," akasema, "tumetoka Gairo kuja kuposa kwa watu, kumbe tumeingia zizini. Mtazameni mzee anavyocheua."

Wakacheka, nami nikacheka. Kutema mbele yao ni aibu, kumeza niliogopa utumbo. Basi nikajifanya napangusa mdomo, nikaisukuma yote ndani ya tundu la jino kwa kidole gumba. Nikaona hapo nimemaliza mambo mawili, chingamu imefichika na mluzi umezibwa.

Nikasimama. Mama wa kwanza nikamtaja vizuri. Wa pili vizuri. Wa tatu, maumivu yakapanda kutoka kwenye jino mpaka sikioni, nikapumua kwa nguvu, na lile donge likaruka likatua kwenye kata ya togwa ya mshenga.

Mtani akalichungulia. "Haya, mjomba kaanza yeye kutoa mahari."

Safari hii hawakucheka wote. Nilishika shavu, majina yote yakanipotea. Mshenga, mtu mwenye adabu, akaweka kata chini, akasema watarudi Jumapili ya tatu, na tukishindwa tena basi watajua hatutaki.

Nilimkuta mpwa wangu jikoni. Alikuwa hajalia, alikuwa anakunja kanga aliyoivaa kwa ajili ya wageni.

"Mjomba, kesho tunakwenda mjini."

"Kufanya nini?"

"Jino."

"Wataling'oa. Nikiwa na pengo hapa mbele ndiyo sitataja kabisa."

"Na ukikaa nalo hivyo, utataja?"

Tukashuka Morogoro asubuhi. Daktari wa meno alikuwa binti mdogo, akanipa shikamoo, akaniambia nipanue mdomo.

"Babu, unapenda kula nini?"

"Muhogo. Ndizi. Mboga za majani."

Mpwa wangu akanitazama.

"Na chingamu," nikasema.

"Nyingi?"

"Ikiisha utamu natia nyingine."

"Unalala nayo?"

"Kuna siku naamka nayo."

Hakunicheka. Akanieleza kwamba vijidudu vya mdomoni vinakula ile sukari, vinatoa tindikali, na tindikali ndiyo inayolila jino. Mimi nilikuwa navilisha mchana kutwa. Akasema ipo chingamu isiyo na sukari, ukiitafuna baada ya chakula inaongeza mate, na mate yanasaidia meno. "Lakini hata hiyo siyo mswaki, babu. Wala haizibi tundu." Nikamuuliza juu ya ulimbo. Alikuwa hajausikia, nikaanza kumsimulia la mjomba na ndege huku mikono yake miwili imo mdomoni mwangu, sijui alielewa nini.

Jino halikung'olewa. Akanichoma ganzi, akasafisha mpaka ndani ya mzizi, akatia dawa, akaziba kwa kitu cheupe cha muda mpaka nirudi. Nilipofunga mdomo nikasikia harufu ninayoijua.

"Daktari, hii si karafuu?"

"Mafuta ya karafuu yamo."

"Mimi nalima karafuu."

"Basi babu, umerudishiwa mzigo wako."

Niliondoka pale na mswaki wa dukani na dawa yake, vya kutumia asubuhi na kabla ya kulala. Niliporudi mara ya pili akaziba moja kwa moja. Kila siku nikawa napanda kule kwenye jiwe letu la zamani, nawataja kina mama peke yangu, upepo haupiti.

Jumapili ya tatu mtani akanipokea mlangoni kwangu mwenyewe. "Mjomba, leo meno ni yako au umeazima?"

"Kaa chini usikilize," nikamwambia.

Niliwataja wote, toka wa kale mpaka dada yangu aliyekaa pale pembeni akitazama mdomo wangu tu. Nilipomaliza, mshenga akanywa togwa yake mpaka chini. Mpwa wangu alikuwa nyuma ya pazia, nilimsikia akishusha pumzi.

Siku ya gulio, wiki mbili baadaye, tulikwenda naye Mkuyuni, mimi na karafuu zangu, yeye kutafuta kitambaa cha gauni, maana padri alishatangaza ndoa. Mchuuzi akaniona toka mbali.

"Babu, umepotea. Leo nyekundu au kijani?"

Nilikuwa na habari nzima ya kumpa, toka ulimbo mpaka kata ya togwa, na mnanijua nikianza. Lakini mpwa alishatangulia mbele kwenye vitambaa, ananipungia mkono.

"Nyekundu nimekubakizia, babu."

Nikagusa kofia yangu kumuaga, nikajitwisha karafuu zangu, nikaenda. Pale mezani sijarudi tena.