Mhindi Mwekundu wa Barabara ya Nane

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Tanga mtanishuhudia, Jumamosi ilikuwa na harufu yake. Ilianza na katani mbichi iliyoletwa na upepo kutoka mashambani, ikafuatwa na mafuta ya nazi ambayo mama alinipaka mpaka kwenye kope, ikaishia kwenye bisi na mikojo ya paka ndani ya ukumbi wa sinema. Sisi watoto tulikaa mbele kabisa kwenye mabenchi, karibu na pazia kiasi kwamba uso wa steringi, yule shujaa wa picha, ulibidi uutazame kwa mafungu, jicho kwanza, kisha mdomo. Tulitoka shingo zinauma na bado tukajadili picha nzima njiani, tukianzia mwanzo.

Mjukuu wangu hapa Walthamstow, London, ana sinema zote za dunia ndani ya simu. Anazitazama amelala chali, mbili kwa siku, na bado ananiambia amechoka. Amechoshwa na nini, hajawahi kunieleza nikaelewa.

Picha ninayotaka kuwakumbusha ilikuwa ya askari wa farasi na Waapachi. Ilikaa pale Tanga miezi na miezi, nadhani mwenye ukumbi hakuwa na nyingine ya Jumamosi. Sasa najua ilikuwa picha ya bei chee. Jeshi zima lilikuwa watu kumi na wawili, waliopita mbele ya jiwe lile lile asubuhi, mchana na siku ya pili yake. Askari mmoja wa masharubu alikufa mara tatu. Mwingine alivaa saa ya mkononi. Waapachi wenyewe walikuwa Wazungu waliopakwa rangi ya matofali, na wakikaribia unaiona inavyochuruzika kwa jasho. Mwishoni mkuu wao, mrefu, mwenye unyoya mmoja kichwani, anapigwa risasi juu ya jiwe letu lile na kuanguka polepole mno, kama mtu anayechagua pa kulala. Tulikuwa tunapiga makofi ukumbi mzima. Hilo nalisema kwa aibu. Watu wanafukuzwa kwenye ardhi yao, nasi watoto wa nchi iliyotoka kumwondoa mkoloni juzi tu, tukawashangilia askari.

Kiingereza hatukukijua. Tulichoambulia ni neno moja, "hensapu", na hilo lilitutosha kwa michezo yote. Nilipokuja kuanza kazi ya kutunza wazee hapa London, kila asubuhi nikimwomba mtu anyanyue mikono nimvishe fulana, neno lililonijia ulimini lilikuwa hilo. Siku moja likaniponyoka. Yule bibi akanyanyua mikono, akacheka, tukawa marafiki.

Lakini neno lililotuponza lilikuwa jingine. Nje ya ukumbi kulikuwa na ubao uliochorwa kwa mkono: WAHINDI WEKUNDU WAVAMIA NGOME. Tukausoma mara mbili tatu, tukaelewana. Mhindi tulikuwa naye. Alikuwa mmoja tu katika kundi letu la barabara ya nane, Bharat, mtoto wa mwenye duka la vitambaa lililotazamana na nyumba yetu. Ikiwa picha ina Wahindi, basi Mhindi atakuwa Bharat, na wekundu si tatizo, udongo mwekundu upo.

"Lakini huko si kwetu," alisema Bharat siku ya kwanza.

"Wameandika Wahindi. Unabisha ubao?"

Akaenda kumwuliza baba yake kama wana ndugu Marekani. Baba yake, mtu wa mzaha wa taratibu, akamwambia upande wake hawapo, labda akaulize upande wa mama. Bharat akarudi na jibu hilo, nasi tukalichukua kuwa ushahidi kamili.

Kapteni wa askari nilikuwa mimi, Mwanahamisi, msichana peke yangu kati ya wavulana watano. Nilikuwa na kofia ya pama ya mjomba na nilikuwa na sauti. Farasi wetu walikuwa makuti makavu, bunduki zetu za migomba zikilia pa-pa-pa. Tulipigania uwanja wa mpira wa nyuma ya shule, na kila Jumamosi baada ya sinema Bharat alipakwa udongo, akachomekwa unyoya wa jogoo, akauawa. Alikufa vizuri, tena kwa bidii. Alizunguka, akashika moyo, akasema maneno ya Kigujarati ambayo sisi tulidhani ni ya Kiapachi, ndipo akaanguka. Akishainuka na kujipangusa aliuliza swali lile lile.

"Jumamosi ijayo mimi niwe steringi?"

"Umeona wapi Mhindi akawa steringi?"

"Jumapili," akasema siku moja. "Picha za Jumapili steringi ni Mhindi, na nyinyi wote mnaimba nyimbo zake."

Kweli tuliziimba, bila kujua neno hata moja, na mimi nilikuwa nawalilia wale masteringi wa Kihindi mpaka kamasi. Lakini kapteni hashindwi kwa hoja. "Hiyo Jumapili," nikamwambia. "Leo Jumamosi." Wenzangu wakacheka, naye akacheka pia kwa kuchelewa kidogo. Kuchelewa kule ninakuona mpaka leo.

Ikafika Jumamosi moja ya vuli. Katika picha kuna mahali askari wanamkamata yule mkuu na kumfunga kwenye mti, nasi hatukuwahi kupacheza kwa sababu Bharat hakutaka kufungwa. Nikamwita pembeni. Nikamwambia kwa kiapo kwamba akikubali kufungwa leo, Jumamosi ijayo kofia ya mjomba ni yake na steringi ni yeye. Alinitazama usoni kuona kama nafanya mzaha. Sikuwa nafanya mzaha. Akaweka mikono nyuma mwenyewe, nikamfunga kwenye nguzo ya goli kwa kamba ya katani, na mnajua katani inavyong'ata.

Mara likapita gari la matangazo barabarani likipiga muziki, wote tukatupa makuti tukalikimbilia. Mvua ikaanza. Kila mtu akaishia kwao.

Hapa ndipo ningependa kuwaambia kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilikuwa nimekaa nyumbani kwetu na sahani ya wali wa nazi na papa, mvua inapiga mabati, nikamkumbuka Bharat kwenye nguzo wazi kabisa. Nikajisemea wengine watamfungua, nikajisemea nimalize kula kwanza, nikajisemea Wahindi Wekundu ni wavumilivu. Nikaongeza mchuzi.

Alikuja kumfungua mama mmoja muuza maandazi aliyekuwa anakatiza uwanjani na sinia lake kichwani. Jioni mama yake Bharat akavuka barabara akiwa amemshika mkono. Hakupiga kelele. Alimnyanyua mtoto mikono, akamwonyesha mama yangu vifundo, vimechubuka na kuvimba, na udongo mwekundu umeingia kwenye vidonda. Kisha wakarudi kwao.

Mama hakunichapa, na hapo nikajua nimefanya kubwa. Alikuwa na neno lake kwa mambo kama hayo: "Radhi haitumwi mtu. Inakwenda na miguu yako, inasemwa na mdomo wako." Akaniambia nivuke barabara asubuhi.

Asubuhi nilifika kwenye mtaro nikarudi, nikamwambia mama duka lina wateja. Jumatatu nilimwona Bharat kizingitini na mikono imefungwa vitambaa vyeupe, nikapitia uchochoroni. Jumanne nilisema kesho. Kila siku neno lenyewe lilizidi uzito, na kila siku nikajiambia nitalisema Jumamosi pamoja na kumpa kofia, mambo yote yaishe kwa mara moja. Ijumaa mbao zilikuwa zimepigiliwa kwenye milango ya duka. Wakati ule Wahindi wengi walikuwa wanafunga maduka na kuondoka, watu wazima walilizungumza kwa sauti ya chini, lakini mimi sikuwa nimeunganisha mambo ya watu wazima na Bharat. Wamekwenda Ulaya, wakasema majirani. Jumamosi sikwenda sinema. Kofia niliirudisha kwa mjomba, nikamwambia inanibana.

Miaka hamsini na kitu imepita. Nimeolewa, nimekuja huku, nimefiwa na mume, nimestaafu. Mwaka huu katika kundi letu la simu la watu wa Tanga, lile la kutumiana misiba na picha za ndizi, mtu akaweka picha ya ule ukumbi wa sinema. Watu wakamwaga maneno. Katikati yake mtu nisiyemjua akaandika mstari mmoja: "Mimi ndiye nilikuwa Mhindi Mwekundu wa barabara ya nane."

Nilikaa na ile simu mkononi mpaka chai ikapoa. Nikamwandikia. Akanijibu palepale kwamba yuko Stanmore, humu humu London, amestaafu kuuza dawa, magoti yamekwisha, niende Jumamosi.

Kabla ya hiyo Jumamosi nilikuwa nimeipata ile sinema yetu ya Waapachi, kwenye meza ya santuri na sidii kuukuu katika soko letu refu la Walthamstow. Niliitambua kwa lile jiwe nyuma ya kasha. Nilimkalisha mjukuu wangu aone utoto wangu ulivyokuwa. Baada ya dakika kumi akasema, "Bibi, it's the same rock." Sisi kugundua kwamba jiwe ni lile lile kulituchukua miezi. Nikaifunga kwenye karatasi iwe zawadi ya Bharat.

Nyumbani kwangu ni mwisho wa njia moja ya treni ya chini ya ardhi na Stanmore ni mwisho wa nyingine, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha wa kujifunza radhi yangu. Niliisema moyoni kituo kwa kituo. Bharat, siku ile sikusahau. Nilikumbuka, nikaendelea kula. Nisamehe. Ni maneno machache, nilikuwa nayaweza.

Mlango alifungua mke wake, mama mpole wa sari ya bluu. "Karibu dada, viatu acha tu hapo. Bharat, she's here, Kapteni wako amekuja."

Bharat alikuwa kitini, mzee, kichwa cheupe. Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha barabara ya nane, hakijaongezwa neno tangu siku waliyopigilia zile mbao. "Mwanahamisi weye," akasema, "farasi umemfunga wapi?" Tukacheka mpaka machozi. Mkewe akaleta chai ya tangawizi na muhogo wa kukaanga, wanauita mogo, tukaitazama picha. Alipoanguka yule mkuu juu ya jiwe, Bharat akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa nakufa vizuri kuliko huyu," akasema, na ni kweli.

Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Bharat, ile siku ya mvua. Kule golini."

"Eh, ile siku," akanikatisha, akamgeukia mkewe. "Si nimekuhadithia? Wote wamekimbia, mvua inapiga, mimi nalia pale. Nani karudi? Huyu. Karudi peke yake, kafungua kamba kwa meno." Akanyanyua mikono kuonyesha vifundo, na alama zilikuwepo bado, mistari miwili hafifu. "Mama yangu alikataa kuamini. Alisema, huyo ndiye kakufunga. Nikamwambia amenifunga, sawa, lakini amenifungua."

Mkewe akanishika bega. "Tangu tumeoana nalisikia jina lako," akasema. "Hata watoto wanakujua."

Nilifungua mdomo. Nawaapia niliufungua. Nilimwona yule mama wa maandazi na sinia lake, nikaiona sahani yangu ya wali. Nikaona pia kwamba huyu mtu amebeba kitu kizuri miaka hamsini, amekipeleka kwa mke na watoto, na mimi ndiye ninayetaka kukivunja ili nilale usingizi. Au labda nilikuwa najitafutia sababu tu, kama za mtaroni. Mpaka leo sijui. Nikasema, "Katani mbaya."

"Mbaya sana," akasema Bharat. "Halafu una deni langu. Uliniahidi Jumamosi."

"Leo Jumamosi," nikamwambia. "Leo wewe ndiye steringi."

Alicheka mpaka akakohoa, mkewe akampa maji. Wakati wa kuondoka alijikongoja mpaka mlangoni kunisindikiza, akanipigia saluti ya askari wa farasi, mimi nikarudisha. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na mogo mfukoni ndani ya karatasi ya kung'aa, na radhi yangu bado kinywani.

Siku hizi mjukuu wangu akimkosea mwenzake anamtumia kijiuso cha manjano kinachotoa machozi, na kabla sijamaliza kuosha vyombo wameshapatana. Huwa namcheka. Namwambia enzi zetu radhi ilikuwa kazi, haikutumwa mtu, ilikwenda kwa miguu ikasemwa kwa mdomo. Ananisikiliza kwa adabu, kwa sababu anadhani bibi yake aliwahi kuifanya. Kutoka mlangoni kwetu mpaka dukani kwao zilikuwa hatua arobaini. Nilizihesabu asubuhi ile, nikiwa nimesimama kwenye mtaro.